Jamaa wa hali ya hewa aliyesema mabara yanatembea

Unakumbuka ule ufa wa Mai Mahiu? Ilikuwa Machi 2018, mvua kubwa inanyesha, ardhi ikafunguka upande wa Suswa, ikakata barabara ya kwenda Narok. Kuna watu waliolazimika kufungasha vitu na kuhama. Video zilisambaa hadi ng'ambo. Kwa siku kadhaa dunia ilikuwa ikiambiwa kwamba Afrika inapasuka vipande viwili, na huku kwetu watu walikuwa wakiulizana kwenye simu nani atabaki upande gani wa bahari.

Wanajiolojia wengi walijaribu kutuliza joto. Walieleza kwamba maji ya mvua yalikuwa yamezoa udongo laini wa majivu ya volkeno, ule uliojaza nyufa za zamani, ndiyo shimo likatokea ghafla vile. Lakini lile jambo kubwa zaidi hawakulikana: Afrika kweli inapasuka. Ila inapasuka pole pole sana, milimita chache kwa mwaka, na hakuna aliye hai leo atakayeona bahari ikiingia Naivasha.

Sentensi hiyo umeisoma bila kushtuka, sivyo? Mwalimu wa Jiografia aliisema darasani, ukaiandika kwenye daftari, ukaendelea na maisha yako. Sasa hebu rudi nyuma miaka mia moja hivi. Simama mbele ya maprofesa wa Ulaya au Marekani uwaambie kwamba mabara yanasonga. Ungetoka ukumbini na aibu yako. Kuna mtu aliyefanya hivyo hasa, akaendelea kufanya hivyo karibu miaka 20, na akafa kabla wengi hawajakubali. Vitabu vya shule humpa mistari miwili tu: Mjerumani, 1912, Pangaea, basi. Anastahili zaidi ya hapo.

Alfred Wegener alizaliwa Berlin tarehe 1 Novemba 1880, kitinda mimba wa watoto watano. Babake alikuwa mchungaji na mwalimu wa lugha za kale, kwa hivyo nyumba ilikuwa ya vitabu. Lakini Alfred na kakake Kurt walipenda zaidi mambo ya nje: kupanda milima, kutembea mbali, kuteleza kwenye theluji. Chuoni alisomea elimu ya nyota na mwaka 1905 akapata shahada yake ya uzamifu. Halafu, bila kupoteza muda, akaiacha. Kazi ya kukaa na kupiga hesabu za nyota haikumridhisha. Alitaka sayansi inayomtoa mtu jasho.

Aliipata kwenye hali ya hewa. Siku hizo hakukuwa na setilaiti. Ukitaka kujua hewa ya juu ikoje, unarusha tiara lenye vifaa vya kupimia, au unapanda mwenyewe ndani ya kikapu kinachoning'inia chini ya puto kubwa la gesi. Aprili 1906, Alfred na Kurt walipanda puto na kukaa angani zaidi ya saa 52 mfululizo. Ilikuwa rekodi ya dunia. Alikuwa na miaka 25.

Mwaka huo huo alijiunga na msafara wa Wadenmark kwenda kaskazini mashariki mwa Greenland, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, ambacho karibu chote kimefunikwa na barafu. Alikaa huko hadi 1908, akajenga kituo cha kupimia hali ya hewa, akajifunza kuendesha sleji, lile gari la kutelezea barafuni linalokokotwa na mbwa. Alijifunza na jambo lingine. Kiongozi wa msafara, Ludvig Mylius-Erichsen, na wenzake wawili walitoka safari ya kuchora ramani na hawakurudi. Njaa na baridi viliwamaliza. Wegener aliyaona hayo akiwa bado kijana, na bado alirudi Greenland mara tatu zaidi. Sijui ungemwita jasiri au mkaidi. Mimi naona alikuwa yote mawili.

Aliporudi Ujerumani alipata kazi ya kufundisha katika chuo kikuu cha Marburg. Kazi yenyewe haikuwa na mshahara wa maana, ila wanafunzi walimpenda kwa sababu alieleza mambo magumu kwa lugha nyepesi. Hapo ndipo stori yetu inapoanza kunoga.

Karibu na Krismasi ya 1910, mwenzake alipata kitabu kipya cha ramani za dunia. Wegener akawa anakifunua. Chukua simu yako sasa hivi, fungua ramani ya dunia, angalia bahari ya Atlantiki. Ile kona ya Brazil inayotokeza, na lile pembe la Afrika Magharibi lililobonyea pale Kameruni na Nigeria. Ukivisukuma vikutane, vinaingiana kama vipande vya chungu kilichovunjika. Si Wegener wa kwanza kuliona hilo. Mchora ramani Abraham Ortelius alishalitaja mwaka 1596. Wengi huliona, hutabasamu, hufunga kitabu. Wegener naye mwanzoni alilipuuza.

Mwaka uliofuata alikuwa maktabani akasoma ripoti kuhusu visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Ripoti ilionyesha kwamba wanyama na mimea ya aina moja ilikuwa imeishi pande zote mbili za Atlantiki. Maelezo ya wakati huo yalikuwa kwamba zamani kulikuwa na madaraja ya nchi kavu kati ya mabara, kisha yakazama baharini. Wegener aliona tatizo hapo. Miamba ya mabara ni myepesi kuliko ile ya chini ya bahari. Mabara yanaelea juu ya kitu kizito zaidi, kama ubao juu ya maji. Ubao hauzami hivi hivi. Kama daraja halingeweza kuzama, basi labda halikuwepo kamwe. Labda mabara yenyewe ndiyo yaliyokuwa pamoja.

Kuanzia hapo hakulala. Alikusanya ushahidi kutoka kila mahali. Kulikuwa na Mesosaurus, mtambaazi mdogo wa maji baridi, ambaye mabaki yake yako Amerika Kusini na kusini mwa Afrika tu. Kiumbe wa aina hiyo asingeogelea bahari nzima ya chumvi. Kulikuwa na mmea wa kale uitwao Glossopteris uliosambaa Afrika, India, Australia na Amerika Kusini. Kulikuwa na mikwaruzo ya barafu ya kale kwenye miamba ya nchi ambazo leo zina jua kali, na makaa ya mawe yaliyotokana na misitu ya joto kwenye visiwa vya Spitsbergen, karibu na ncha ya kaskazini.

Fikiria leso iliyoraruka katikati. Unaokota vipande viwili, kingo zinalingana. Hiyo bado si kitu, huenda ni bahati. Lakini ukiviweka pamoja na maua ya upande mmoja yakaendelea upande wa pili, na mwisho ule msemo ulioandikwa chini ukasomeka sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, utabisha nini tena? Kwa Wegener, miamba na safu za milima yalikuwa maua, visukuku vilikuwa msemo.

Tarehe 6 Januari 1912 alisimama mbele ya wanajiolojia mjini Frankfurt akawaambia: mabara yote yaliwahi kuwa kitu kimoja, yakaachana, na bado yanasonga. Mapokezi yalikuwa baridi kuliko Greenland. Hata Wladimir Köppen, bingwa wa tabianchi ambaye Wegener alikuwa akimchumbia binti yake, alimshauri abaki kwenye fani yake ya hali ya hewa. Kama ulisoma aina za tabianchi shuleni, huyo ni Köppen yule yule. Baadaye mzee alibadili msimamo, na mwaka 1924 wakaandika pamoja kitabu kuhusu tabianchi za zama za kale.

Badala ya kukaa kubishana, Wegener alirudi Greenland, safari hii wakiwa watu wanne na farasi wadogo wa Iceland. Kiongozi, Mdenmark Johan Peter Koch, alianguka kwenye ufa wa barafu akavunjika mguu. Walikaa majira yote ya baridi juu ya barafu wakisubiri apone, kisha mwaka 1913 wakaivuka Greenland kutoka mashariki hadi magharibi. Farasi walikwisha mmoja baada ya mwingine. Karibu na mwisho, chakula kimeisha, walimla mbwa wao. Walionwa na mchungaji aliyekuwa akipita na mashua, wakaokolewa. Mwaka huo huo Alfred akamwoa Else Köppen, na walijaliwa mabinti watatu.

Mwaka 1914 vita vikuu vya kwanza vikazuka, akaitwa jeshini. Alipigwa risasi mkononi, akarudi vitani, akapigwa nyingine shingoni. Akiwa likizo ya ugonjwa ndipo alipoandika kile kitabu, Die Entstehung der Kontinente und Ozeane, yaani asili ya mabara na bahari, kilichotoka 1915. Toleo la kwanza lilikuwa jembamba, halifiki kurasa mia. Alilipanua mara tatu, la mwisho likatoka 1929. Na ndiyo, Bonde la Ufa letu limo humo: alilitazama kama mfano wa bara linaloanza kuachana, hatua ya kwanza kabisa ya bahari mpya.

Kitabu kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1924, moto ukawaka kweli kweli. Mwaka 1926 wanajiolojia wa mafuta wa Marekani waliandaa mkutano New York kujadili wazo lake, na wengi waliozungumza walilipinga, wengine kwa kejeli. Walimwona mvamizi. Yeye ni mtu wa hali ya hewa, anatafuta nini kwenye mawe? Kuna waliokuwa wamejenga jina lao maisha yote juu ya wazo kwamba mabara hayasogei, na kumkubali kungekuwa sawa na kutupa vitabu vyao wenyewe jalalani.

Hapa lakini tusidanganyane, bana. Kuna namna ya kusimulia maisha ya Wegener kama sinema: shujaa mmoja na wazee wajinga. Haikuwa hivyo. Wapinzani wake walikuwa na swali moja zito, na hakuwa na jibu: ni nguvu gani inayosukuma bara zima? Wegener alipendekeza mzunguko wa dunia na mvuto wa mwezi na jua. Harold Jeffreys wa Cambridge alipiga hesabu akaonyesha kwamba nguvu hizo ni hafifu mno, hazitoshi hata kidogo. Jeffreys alikuwa sahihi. Isitoshe, Wegener alitumia vipimo vya zamani vya Greenland vilivyokuwa na makosa, akaamini kisiwa hicho kinasonga mita nyingi kwa mwaka. Ukweli ni sentimita chache.

Kwa hivyo alikuwa na ushahidi mwingi wa kwamba jambo limetokea, na maelezo mabovu ya jinsi lilivyotokea. Wengi waliona kwamba maelezo yakiwa mabovu, ushahidi nao utupwe. Hapo ndipo walipokosea. Nyumba ya jirani ikiwa imeungua, huwezi kusema haijaungua kwa sababu tu hujui nani aliwasha kiberiti.

Wachache walisimama naye. Alexander du Toit wa Afrika Kusini alienda mwenyewe hadi Amerika Kusini kulinganisha miamba, akakuta tabaka kwa tabaka zinafanana na za kwao. Na kulikuwa na Mwingereza Arthur Holmes. Huyu akiwa kijana, mwaka 1911, alienda Msumbiji kutafuta madini. Madini hakupata, malaria ikampata, karibu imuue. Ndiye aliyekuja kupendekeza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba joto la ndani ya dunia huufanya mwamba wa chini uzunguke pole pole sana. Tazama uji mzito jikoni: wa chini ukipata moto hupanda, wa juu ukipoa hushuka, na ule utando wa juu husogezwa huku na huku. Mabara yako kwenye utando. Wataalamu wa leo huongeza kwamba ukingo wa utando ukishazama, uzito wake huuvuta utando uliobaki. Holmes alikuwa amekaribia sana jibu ambalo Wegener alilikosa, lakini hata yeye hakusikilizwa sana.

Wegener mwenyewe hakupata kiti cha uprofesa kamili Ujerumani. Alichukuliwa na chuo kikuu cha Graz, Austria, mwaka 1924, na miaka hiyo ilikuwa ya utulivu: mke, watoto, milima karibu. Angeweza kuzeekea hapo.

Mwaka 1930 alirudi Greenland kwa mara ya nne, baada ya safari fupi ya maandalizi mwaka uliotangulia. Sasa yeye ndiye kiongozi. Mpango ulikuwa kuweka kituo katikati kabisa ya barafu, kilomita 400 hivi kutoka pwani ya magharibi, kupima hali ya hewa kwa mwaka mzima pamoja na unene wa barafu. Umbali huo ni kama kutoka Nairobi hadi Mackinnon Road, ila ondoa barabara, ondoa miti, ondoa kila kitu, ubakize weupe tu, na upande hadi mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kituo kiliitwa Eismitte, yaani katikati ya barafu.

Mambo yaliharibika mapema. Barafu ya baharini iliwachelewesha zaidi ya mwezi mmoja kushusha mizigo. Sleji za injini walizotegemea zilikwama. Huko Eismitte walikuwa wanaume wawili, Johannes Georgi na Ernst Sorge, ambao chakula na mafuta waliyokuwa nayo havikutosha majira ya baridi. Walituma ujumbe kwamba wasipopata mahitaji kufikia Oktoba 20, wataanza kurudi kwa miguu. Wegener alijua maana yake: ni kifo.

Septemba 21 akaondoka pwani na mwanasayansi Fritz Loewe, Wagreenland 13 na sleji 15 za mbwa. Baridi ilizidi siku baada ya siku, upepo ukawakabili usoni, na Wagreenland wakaanza kugeuka. Hawakuwa waoga, waliijua barafu hiyo vizuri kuliko mzungu yeyote, na walijua wakati wa kurudi nyumbani umefika. Mwishoni alibaki mmoja, Rasmus Villumsen, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mizigo mingi ilikuwa imeachwa njiani. Watatu hao walifika Eismitte Oktoba 30, baada ya siku 40 hivi, kwenye baridi iliyoshuka chini ya nyuzi hasi 50.

Na walipofika? Georgi na Sorge walikuwa wamechimba pango ndani ya barafu na kuamua kubaki. Walikuwa wazima. Safari ya kuwaokoa haikuwa imehitajika.

Vidole vya miguu vya Loewe vilikuwa vimekufa kwa baridi. Georgi alimkata kwa kisu cha mfukoni, bila dawa ya ganzi. Loewe asingeweza kutembea, na chakula hakingetosha watu watano. Novemba 1, siku ambayo Wegener alitimiza miaka 50, yeye na Villumsen walianza safari ya kurudi pwani na sleji mbili na mbwa 17. Walio Eismitte walidhani wamefika salama. Walio pwani walidhani wamebaki Eismitte. Hakuna redio kule katikati. Majira yote ya baridi yakapita bila mtu kujua.

Mei 12, 1931, kikosi cha kutafuta kilikuta jozi ya mbao za ski zimesimikwa wima kwenye theluji, takriban nusu ya njia. Walichimba. Chini yake alikuwa Wegener, amelazwa juu ya ngozi ya paa wa huko, mwili umeshonewa kwa uangalifu ndani ya vifuniko vya magodoro ya kulalia ya safarini. Hakuonekana kuuawa na baridi. Inaelekea moyo ulizidiwa na kazi ya kukimbia kando ya sleji. Villumsen ndiye aliyemzika, peke yake, kwenye giza la Novemba, akaweka alama ili apatikane, kisha akaendelea kuelekea pwani.

Walimrudishia barafu yake, wakajenga kaburi hapo hapo. Kakake Kurt akaja kuongoza msafara hadi mwisho. Wazo la mabara nalo likazikwa, karibu tuseme pamoja naye. Kwa miaka 20 na zaidi, ukiwa mwanajiolojia kijana Marekani, kulitaja kwa uzito kulikuwa njia nzuri ya kukosa kazi.

Jibu lilitoka chini ya bahari. Miaka ya 1950, Marie Tharp, mchora ramani huko New York, alikuwa akichora sakafu ya Atlantiki kwa kutumia vipimo vya kina vilivyoletwa na meli. Yeye hakuruhusiwa kupanda meli hizo kwa sababu ni mwanamke. Katikati ya bahari kuna safu ndefu ya milima, na Tharp akaona kwamba juu ya safu hiyo, katikati kabisa, kuna bonde refu linaloifuata. Mwenzake Bruce Heezen mwanzoni alilidharau wazo hilo, maana lilinukia Wegener. Kisha walipoweka juu ya ramani hiyo alama za matetemeko ya ardhi, zikapanga mstari ndani ya bonde hilo. Walipotafuta nchi kavu yenye bonde la aina hiyo, lenye matetemeko yanayolifuata, wakaja Afrika Mashariki. Yaani kile unachokiona ukisimama pale juu ya barabara ya Mai Mahiu, na Longonot mbele yako, kilisaidia kueleza sakafu ya Atlantiki.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Mapema miaka ya 1960, Harry Hess alieleza jinsi sakafu ya bahari inavyozaliwa kwenye safu hiyo na kusogea pembeni, na mistari ya sumaku ndani ya miamba ikamuunga mkono. Kufikia 1968 picha nzima ilikuwa tayari: ganda la nje la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa, na mabara yamebebwa juu yake kama abiria kwenye matatu. Wegener alidhani abiria ndiye anayetembea. Kinachotembea ni gari.

Ukishaelewa hilo, ramani haikutazami vile vile tena. India ilisafiri kutoka kusini ikagonga Asia, na milima ya Himalaya ni ile bodi iliyokunjamana. Ajali bado inaendelea. Karibu na Sumatra bamba moja huzama chini ya jingine, na lilipofyatuka Desemba 26, 2004, mawimbi yaliua zaidi ya watu 200,000 na kufika hadi pwani ya Kenya. Nyiragongo ilipomwaga moto ndani ya Goma mwaka 2002 na kurudi tena 2021, ni ufa huu huu wetu, tawi la magharibi. Mlima Kenya na Kilimanjaro ni volkeno zilizotokana na vurugu za ufa huo. Hata stima unayochajia simu: sehemu kubwa yake hutoka Olkaria, kwa mvuke wa joto ambalo liko karibu na uso wa ardhi kwa sababu hapo ganda limevutwa likawa jembamba.

Na kuna mahali ambapo kupasuka kulionekana kwa macho. Mwaka 2005, huko Afar nchini Ethiopia, ardhi ilifunguka kwa muda wa siku chache kwenye mstari wa kilomita 60, sehemu nyingine kwa mita kadhaa, baada ya mwamba wa moto kujipenyeza chini yake. Hapo hapakuwa na mvua ya kusingiziwa.

Siku hizi kasi ya mabamba hupimwa kwa GPS, teknolojia ile ile inayomwonyesha mtu wa bodaboda nyumba yako ilipo, ila kwa usahihi mkubwa zaidi. Kimoja cha vifaa hivyo kiko pwani yetu, upande wa Malindi, na takwimu zake zimetumika kuonyesha kwamba bamba la Somalia linaachana na Afrika nyingine. Greenland pia hupimwa. Inasonga kweli, kama Wegener alivyosema, kwa mwendo wa kucha za vidole.

Mwili wake bado uko ndani ya barafu hiyo, sasa umefunikwa na theluji ya zaidi ya miaka 90, na barafu yenyewe inateremka taratibu kuelekea baharini. Rasmus Villumsen hakupatikana. Wala daftari la kumbukumbu la Wegener, ambalo kijana huyo alikuwa amelibeba kulipeleka pwani.